Kumtafutia ndugu mwenye ulemavu wa akili au usonji makao ya kuishi Uingereza: nini cha kukagua, na wapi mambo huharibika

Mwongozo huu ni wa familia za Waswahili walioko England zenye mtu mzima, awe mtoto aliyevuka miaka 18, kaka, dada au shangazi, ambaye ana ulemavu wa akili au usonji na sasa anahitaji kuishi mahali penye wahudumu saa 24. Familia nyingi hulifikia jambo hili kwa kukurupushwa. Mama ameugua ghafla, ofisa wa ustawi wa jamii anapiga simu Ijumaa mchana akitaja nyumba moja tu yenye nafasi, na jibu linatakiwa Jumatatu. Anzeni kutafuta wakati anayemtunza bado ana nguvu. Maneno ya ndugu kwamba "mmemtupa" yasiwacheleweshe: atakayeumia kwa kuchelewa ni yeye mwenyewe, kwa sababu atapelekwa popote palipo na kitanda.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba ubora wa nyumba ya matunzo hauonekani kwenye zulia wala bustani. Unaonekana katika mambo madogo ya siku ya mtu mmoja: nani alimwosha leo, alikula nini, alipata choo lini, alitoka kwenda wapi, na aliyekuwa naye anamjua kiasi gani.

Hatua ya kwanza: tathmini ya halmashauri

Piga simu idara ya huduma za watu wazima ya halmashauri unakoishi, uombe tathmini ya mahitaji chini ya Care Act ya 2014. Ni bure, na haitegemei kipato cha mtu. Anayemtunza naye aombe tathmini yake mwenyewe. Sheria hiyohiyo inampa haki hiyo. Ikiwa ndugu yako hawezi kufuatilia mazungumzo na hana mtu wa kufaa wa kumsaidia, halmashauri inalazimika kumpatia mtetezi huru. Kama Kiingereza chako hakitoshi, dai mkalimani. Usikubali mtoto wa shule atafsiri habari za mwili wa kaka yake.

Hapa familia zetu hukosea sana, na kosa linatokana na heshima. Ofisa anauliza, "Anaweza kuvaa mwenyewe?" Mama anajibu, "Ndiyo, anajitahidi," bila kueleza kwamba yeye ndiye hupanga nguo kitandani kwa mfuatano, humkumbusha kila vazi, na zoezi zima huchukua dakika 40. Kwenye fomu inaandikwa kwamba hahitaji msaada. Baadaye nyumba inalipwa kwa saa chache, na mtu anabaki siku nzima na nguo ya kulalia. Eleza siku mbaya pamoja na ile nzuri. Kwa wiki mbili kabla ya tathmini andika kila siku: aliamka mara ngapi usiku, alipiga au alijiuma lini na kabla ya hapo kulikuwa na nini, nani alimsafisha, alikula kwa kusimamiwa au peke yake.

Jambo lingine huwashtua wengi: mtoto akifikisha miaka 18, mzazi hana tena mamlaka ya moja kwa moja ya kumwamulia. Mental Capacity Act ya 2005 inataka kila uamuzi upimwe peke yake. Mtu anaweza kuwa na uwezo wa kuchagua chakula na nguo lakini asiwe na uwezo wa kuamua kuhusu upasuaji. Asipoweza, uamuzi hufanywa kwa manufaa yake, na familia inapaswa kuulizwa. Kwa hiyo sema mapema, kwa maandishi, kwamba mnataka kushirikishwa katika kila kikao cha aina hiyo.

Muulize ofisa pia kama ndugu yako anafaa kuwa na nyumba ya kupanga yenye msaada badala ya makao ya matunzo. Kwenye nyumba ya kupanga yeye ndiye mpangaji, na kampuni ya matunzo ina mkataba wake tofauti. Ikiboronga, inaweza kubadilishwa bila yeye kuhama. Kwenye makao, kitanda na matunzo ni mkataba mmoja: ukitaka kubadilisha wahudumu, anahama.

Hatua ya pili: soma kabla ya kusafiri

Makao yote England husajiliwa na kukaguliwa na CQC, mkaguzi rasmi wa huduma za afya na matunzo, na ripoti ziko wazi kwenye tovuti yake. Madaraja ni manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, na haifai. Usiishie kwenye daraja. Tazama kwanza tarehe ya ukaguzi, maana ripoti nyingine ina miaka kadhaa na meneja aliyesifiwa ndani yake ameshaondoka. Kisha soma sehemu za usalama na uongozi neno kwa neno. Angalia pia idadi ya wakazi: miongozo ya CQC inapendelea nyumba ndogo, za watu sita au pungufu, zilizo mtaani kama nyumba nyingine.

Daraja zuri peke yake si kinga. Whorlton Hall huko County Durham, hospitali ya binafsi ya watu wa aina hii, ilikuwa imepewa daraja la "nzuri" kabla kamera ya siri ya kipindi cha BBC Panorama haijaonyesha mateso ndani yake mwaka 2019. Miaka minane nyuma kipindi hichohicho kilikuwa kimefichua Winterbourne View, karibu na Bristol. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani na sita wakafungwa, na muuguzi mmoja alikuwa ametoa taarifa mapema bila kusikilizwa. Zote mbili zilikuwa hospitali, lakini hali iliyozaa ukatili ule inaweza kuwapo kwenye makao pia: mahali palipojitenga, wakazi wasioweza kusema, wageni wachache, na wafanyakazi waliokwisha kuzoeana na uovu.

Hatua ya tatu: nenda mara mbili

Mara ya kwanza nenda kwa miadi. Mara ya pili nenda saa 11 jioni au Jumamosi mchana, wakati meneja hayupo na chakula kinaandaliwa. Ukiambiwa wakati huo haufai, uliza kwa nini, na ukumbuke jibu.

Ukiwa ndani, kaa sebuleni kwa nusu saa bila kuongea sana. Tazama kama wahudumu wamekaa na wakazi au wamesimama jikoni na simu zao. Sikiliza wanavyowataja watu: "Ahmed anapenda kusubiri dakika moja kabla ya kujibu" ni maneno ya mtu anayejua kazi, "huyu ni wa kulishwa" ni ya mtu aliyechoka. Tazama kucha, meno na viatu vya wakazi. Meno machafu hukuambia kwamba asubuhi ni ya haraka. Kama runinga inawaka na hakuna anayeitazama, uliza ni nani aliyeiwasha. Kwa mtu mwenye usonji, sikiliza pia kelele zenyewe: kengele za milango, mashine ya kufua, mkazi anayepiga mayowe chumba cha jirani. Kelele hizo humtesa kila siku, kisha huandikwa kuwa yeye ana "tabia ngumu".

Omba kuona ratiba ya wiki iliyopita ya mkazi mmoja, jina likiwa limefichwa, halafu uombe na kumbukumbu za kila siku za wiki hiyohiyo. Ratiba itasema kuogelea Jumanne. Kumbukumbu zikisema "alipumzika chumbani, siku njema" siku tano mfululizo, umeshapata jibu.

Muulize meneja maswali haya, na utake majibu ya namba:

Amekuwa meneja hapa tangu lini, na amesajiliwa CQC? Wafanyakazi wangapi wameondoka mwaka huu? Wiki iliyopita zamu ngapi zilijazwa na watu wa wakala, yaani wafanyakazi wa muda wa kukodiwa? Usiku mhudumu yuko macho au analala? Ndugu mwenye kifafa au anayetembea usiku anahitaji aliye macho.

Kisha uliza kuhusu saa za mtu mmoja kwa mmoja, na hapa usiwe na haraka. Halmashauri ikilipia saa 40 kwa wiki za mhudumu wa peke yake, nyumba nyingi huzichanganya na hesabu ya jumla: yule mhudumu "wa peke yake" anapika, anafua na kujibu simu. Uliza jina la mhudumu wa kila saa linaandikwa wapi, na kama familia na ofisa wa halmashauri wanaweza kuiona karatasi hiyo. Saa hizo amelipiwa yeye.

Uliza mara ya mwisho mtu kushikwa kwa nguvu ilikuwa lini, alishikwaje, na baada yake kilibadilishwa nini. Nyumba nzuri hutoa tarehe na hueleza chanzo: "Tuligundua ana jino bovu." Nyumba ya kuepuka hujibu kwamba wahudumu wote wamefunzwa, basi. Kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza kunaweza kumkata pumzi. Uliza kama nyumba inakubali jambo hilo, na jibu likiwa la kuzungukazunguka, ondoka.

Hatua ya nne: mwili wake

Sehemu hii ndiyo inayoua watu, na ndiyo wageni husahau kuiuliza. Mtu asiyesema hulalamika kwa tabia. Anapiga kichwa ukutani, anakataa chakula, analala sakafuni, na wahudumu wasiojua huita daktari wa akili kabla ya kumtazama tumbo, masikio na meno.

Kufunga choo. Dawa nyingi za akili na za kifafa, kutokunywa maji na kukaa tu hufunga choo, na kwa watu wenye ulemavu wa akili jambo hili limeua. Nyumba iwe na chati ya choo ya kila siku inayotumia vielelezo saba vya Bristol, ambapo cha kwanza ni vigololi vigumu na cha saba ni maji matupu. Pungufu ya mara tatu kwa wiki ni ishara. Kosa linalorudiwa ni hili: choo kigumu kinaziba, majimaji yanapenya pembeni, mhudumu anaandika "anaharisha" na kusimamisha dawa ya kulainisha. Siku chache baadaye mtu yuko hospitali. Uliza ni nani anayeisoma chati, na baada ya siku ngapi anampigia GP, daktari wa familia. Kama hakuna mtu mwenye jina, chati hiyo haina kazi.

Kumeza. Akikohoa anapokula, akitokwa machozi, au akiugua vifua mara kwa mara, anahitaji mtaalamu wa mawasiliano na umezaji. Mtaalamu huandika kiwango cha chakula kwa mfumo wa IDDSI, kuanzia 0 hadi 7. Kiwango cha 6, kwa mfano, ni chakula laini chenye vipande visivyozidi sentimita 1.5. Karatasi hiyo ibandikwe jikoni, na mhudumu wa wakala aliyefika leo asubuhi aijue. Mkate na soseji ni vyakula vya kuangaliwa sana.

Kifafa. Mshtuko ukizidi dakika 5, piga 999, isipokuwa mpango wake umeandika vinginevyo. Kama amepewa midazolamu, dawa ya dharura ya kuweka shavuni ili kukatisha mshtuko, iende naye kila anakotoka, pamoja na mtu aliyefunzwa kuitumia. Asiachwe peke yake kwenye beseni la kuogea hata kwa dakika moja. Mwaka 2013 kijana wa miaka 18 mwenye usonji na kifafa alizama na kufa bafuni katika kituo cha NHS huko Oxford. Maji ya kuogea nayo yapimwe kwa kipimajoto. Yasipite nyuzi 44 za Selsiasi.

Dawa za kutuliza. Mwaka 2015 wataalamu wa afya ya jamii wa England walikadiria kwamba kila siku watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakinywa dawa za akili bila kuwa na ugonjwa ambao dawa hizo zimekusudiwa. Mwaka uliofuata NHS ilianzisha kampeni ya STOMP ya kupunguza hali hiyo. Kwa kila dawa uliza: ni ya ugonjwa gani, nani aliiandika, itapitiwa tena lini, imeleta nafuu gani. Mwongozo wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba, unataka dawa aliyopewa kwa ajili ya tabia isimamishwe kama baada ya wiki 6 haijasaidia. Msiikatishe wenyewe, maana kuiacha ghafla kunaweza kumdhuru. Ni daktari anayeishusha kidogokidogo. Kwa dawa za "ikihitajika", taka kuona maelezo ya maandishi: ishara zipi, nini kijaribiwe kwanza, na mara ngapi amepewa mwezi uliopita.

Zaidi ya hayo, hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya GP ya watu wenye ulemavu wa akili. Kuanzia miaka 14, aliye kwenye orodha ana haki ya kupimwa afya kila mwaka bure, na baada ya kipimo apewe mpango ulioandikwa. Uzito upimwe kila mwezi. Akipungua asilimia 5 ndani ya miezi michache bila kukusudia, aonwe na daktari. Awe pia na karatasi ya kwenda nayo hospitali, inayoeleza anavyoonyesha maumivu na namna ya kumtoa damu bila kumtisha.

Wahudumu nao wawe wamefunzwa kuhusu ulemavu wa akili na usonji. Tangu sheria ya afya ya 2022, jambo hilo ni la lazima kwa kila mahali paliposajiliwa CQC. Mafunzo yanayopendekezwa yana jina la Oliver McGowan, kijana mwenye usonji aliyefariki Bristol mwaka 2016 baada ya kupewa dawa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa.

Lugha, chakula, ibada, nywele

Andika orodha ya maneno anayoyajua ya Kiswahili pamoja na namna anavyoyatamka: maji, choo, naumwa, basi, twende, bado. Mhudumu aliyeambiwa "bado" mara kumi bila kuelewa atadhani mtu anapayuka. Rekodi sauti yako kwenye simu ili wasikie matamshi.

Kama ni Mwislamu, "hali nguruwe" haitoshi. Taja nyama halali inanunuliwa duka gani, sufuria ipi ni yake, na jinsia ya mtu wa kumwosha. Amueni mapema kuhusu Ramadhani, pamoja na daktari, kwa sababu saa za dawa za kifafa hazisogezwi ovyo. Kwa nywele na ngozi eleza mafuta gani, mara ngapi, na kitana cha aina gani. Ngozi iliyopauka na nywele zilizosokotana ni dalili ya mapema kwamba asubuhi anaharakishwa.

Fedha, kwa ufupi

Halmashauri hupima mali ya mkazi mwenyewe, si ya wazazi. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hulipa gharama zote. Chini ya pauni 14,250 akiba haihesabiwi. Sehemu kubwa ya kipato chake huchangia ada, na anabakiwa na kiasi cha matumizi binafsi. Akiwa kwenye makao yanayolipiwa na halmashauri, sehemu ya maisha ya kila siku ya PIP, malipo ya serikali kwa wenye ulemavu, husimama baada ya siku 28, lakini ya usafiri huendelea na ni yake. Uliza inatumikaje: nyumba nyingine huichukua yote kwa ajili ya gari ambalo yeye hulipanda mara moja kwa mwezi. Uliza pia mhudumu akienda naye mkahawani, chakula cha mhudumu kinalipwa na nani. Omba kuona daftari la fedha zake na risiti kila baada ya miezi mitatu.

Kuhamia, na baada ya hapo

Msimpeleke na masanduku siku ya kwanza. Aende kwa chai, kisha chakula cha jioni, kisha alale usiku mmoja, kisha wikendi. Mhudumu atakayemhudumia zaidi aje kwanza nyumbani kwenu amwone akila na kuoga. Mwenye usonji apewe picha za chumba, za choo na za nyuso za wahudumu wiki kadhaa kabla. Shuka lake la zamani liende bila kufuliwa kwanza. Harufu anayoijua husaidia usingizi.

Kama atakuwa chini ya uangalizi wa muda wote na hawezi kuondoka, na hana uwezo wa kuridhia, nyumba inapaswa kuomba kibali cha halmashauri kiitwacho DoLS. Kibali hakizidi miezi 12. Omba nakala na usome masharti yake. Mtu wa familia anaweza kuteuliwa kuwa mwakilishi wake. Likubali jukumu hilo, kwa sababu linakupa haki ya kuhoji.

Halmashauri ipitie mpango wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza, halafu angalau kila mwaka. Msingoje hadi hapo. Tembeleeni siku tofauti, saa tofauti. Tangu Aprili 2024 haki ya mkazi kutembelewa ni kanuni ambayo CQC inaisimamia. Kila mkienda, andikeni tarehe, aliyekuwa zamu, alivyovaa, alivyokula, michubuko na mahali ilipo. Dalili za kuchukulia hatua siku hiyohiyo ni hizi: anajikunyata mhudumu fulani akiingia, michubuko mikononi yenye alama za vidole, usingizi usio wa kawaida, kukonda, mlango uliofungwa kwa nje, au ninyi kuambiwa "amelala" kila mnapofika.

Kwa jambo dogo anzeni na meneja, kwa maandishi. Lisipotatuliwa, nendeni halmashauri, kisha kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu mlipojua tatizo. Mkishuku mateso au kupuuzwa, msianze na meneja: pigieni halmashauri idara ya kulinda watu wazima, ambayo sheria inailazimu kuchunguza, na 999 kama hatari ni ya sasa. CQC haisuluhishi malalamiko ya mtu mmoja mmoja, lakini taarifa yenu inaweza kusababisha ukaguzi. Namba yao ni 03000 616161.

Waswahili wengi nao hufanya kazi katika nyumba hizi, wengine kwa viza inayomtegemea mwajiri, na huogopa kusema wanachokiona. Sheria ya 1998 ya kulinda watoa taarifa inamlinda mfanyakazi mwenye sababu ya kuamini kwamba anachotoa taarifa ni kwa manufaa ya umma, na CQC hupokea taarifa bila jina. Toa tarehe, saa, chumba na majina ya waliokuwepo. Taarifa ya jumla kwamba "wanawatesa watu" ni vigumu kufuatiliwa.

Sheria zilizotajwa hapa ni za England. Wales ina mkaguzi wake, Care Inspectorate Wales. Scotland ina Care Inspectorate, na Ireland ya Kaskazini ina RQIA. Viwango vya fedha huko ni tofauti, lakini maswali ya chati ya choo, kumeza, dawa na saa za mtu mmoja kwa mmoja yaulizeni vilevile.